Waliohesabiwa Mwisho: Kanisa la Fizi kutoka Kibanga hadi Misisi

Misisi ni mji wa dhahabu. Uko katika sekta ya Ngandja, wilayani Fizi, Kivu Kusini, jirani na Lulimba, kwenye njia ya kwenda Kalemie. Mbembe hapa yuko kwao, lakini shimoni anachimba na Mshi aliyetoka Walungu, Mrega wa Mwenga, Mfuliru wa Uvira na Mluba aliyepanda kutoka Katanga. Siku sita wanagawana mchanga, vumbi na madeni. Ya saba wanavua buti za mpira, wanaoga, wanaketi benchi moja la mbao chini ya mabati na kuitana ndugu.

Wahubiri wa machimboni wanaipenda sana barua ya Paulo kwa Wakorintho, ile inayolieleza kanisa kuwa mwili mmoja wenye viungo vingi. Kuihubiri ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuamua, mchango unapopitishwa na maiti inaposubiri kuzikwa, nani ni kiungo na nani ni mpita njia. Swali hilo halikuzaliwa Misisi. Wakristo wa pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika wamelijibu kwa zaidi ya miaka 140, mara vizuri, mara vibaya. Ukiyafuata majibu yao tangu mwanzo, unaona mkondo mmoja: kanisa limesimama kwa mabega ya watu waliohesabiwa mwisho, na limepasuka kila lilipowapanga watu kwa bei, kwa kabila, kwa namba au kwa mfuko.

Watoto walionunuliwa, 1879–1893

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie huko Algeria, walifika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Walikuta ziwa linaishi kwa biashara mbili, pembe na watu. Vyombo vilivuka kutoka upande wa Kongo vikiwa na mateka, na Ujiji palikuwa soko lao. Rumaliza, mfanyabiashara aliyekuja kuitawala kaskazini ya ziwa, ndiye aliyeamua kijiji gani kilale salama na kipi kikimbilie milimani.

Lavigerie alikuwa amewapa mapadri wake mpango. Wawakomboe watoto watumwa kwa kuwanunua, wawalee, wawaozeshe, kisha wajenge nao vijiji vya Kikristo. Mpango huo uliwaponza mapema. Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi ya leo, mapadri Deniaud na Augier pamoja na msaidizi wao D'Hoop waliuawa katika ugomvi uliotokana na mtoto mmoja ambaye misheni ilikataa kumrudisha.

Wenzao waliegemea pwani ya magharibi. Walikuwa wameshaanza Mulweba, nchi ya Masanze, mwaka 1880. Mwaka 1883 wakajenga Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari, ndani ya wilaya ambayo leo ni Fizi. Kituo kikapewa jina la Lavigerieville. Wakazi wake wa kwanza hawakuwa wa ukoo mmoja. Huyu alitekwa Manyema, yule nchi ya Warua, mwingine hakukumbuka tena kijiji chake. Hawakuwa na mjomba wa kuwasemea wala mzee wa kuwatolea mahari. Kiswahili cha misafara kiliwapa lugha, na ndoa walizofunga misheni ziliwapa wakwe na mashemeji.

Kwa hiyo kanisa la kwanza la Fizi lilikuwa kanisa la watu wasio na kwao. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo kasoro yake pia. Aliyekombolewa aliishi chini ya amri ya padri, aliyempangia pa kulima, wa kumwoa na saa ya kuamka kwa kengele. Misheni ilimpa thamani bila kumpa sauti. Wanahistoria wengi wa eneo hili wameandika kwamba vijiji hivyo viliendeshwa kama milki ndogo, na padri ndiye mtemi.

Homa na magonjwa ya ziwani vilimaliza jaribio la Kibanga. Askofu Léonce Bridoux alifia hapo mwaka 1890, na mwaka 1893 kituo kikaachwa. Wakristo wake wakahamishiwa kusini, Baudouinville, nchi ya Moba. Mbegu haikupotea. Kutoka pwani hiyo ya kusini alitokea Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza katika nyakati za sasa. Ng'ambo ya ziwa, Karema, Adrien Atiman, aliyenunuliwa angali mtoto na kusomeshwa uganga Malta, alitibu wagonjwa hadi alipofariki mwaka 1956.

Kusini huko, upande wa Kongo, aliishi pia Kapteni Ludovic Joubert, Mfaransa aliyeshika bunduki kulinda vijiji vya misheni dhidi ya wateka watu. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa huko, na wakabaki ziwani maisha yao yote. Kati ya watoto wao, wawili walipata upadri. Mmoja wao, Albert, alizaliwa mwaka 1908 na kupewa daraja mwaka 1935. Atarudi katika historia hii.

Njia mbili katika kijiji kimoja, 1893–1958

Baada ya Kibanga, pwani ya Fizi ilikaa muda mrefu na wamisionari wachache. Ugonjwa wa malale uliwamaliza watu, na serikali ya Kibelgiji ikawahamisha waliobaki kwa nguvu kando ya barabara ili iwahesabu na kuwatoza kodi.

Waprotestanti waliingia katika pengo hilo. Wapentekoste wa Sweden walifika mwaka 1921 na kuanzia Uvira. Kanisa lao ndilo linaloitwa leo CEPAC. Wanorwe walifuata, wakaweka kituo Kaziba, na kwao kukatoka CELPA. Baadaye, katika miaka ya 1960, Methodiste Libre walijijenga Baraka na Nundu, na hospitali yao ya Nundu ikawa kimbilio la wagonjwa wa pwani nzima.

Injili, hata hivyo, haikusambazwa na Wazungu wachache waliokaa vituoni. Iliwafikia watu kwa miguu ya wainjilisti na makatekista, wanaume waliosoma miaka michache, wakapewa kitabu na baiskeli au bila baiskeli, wakapanda milima ya Ubembe. Mshahara wao ulikuwa haba na majina yao hayamo katika ripoti nyingi za misheni. Vijijini wao ndio waliokuwa kanisa. Wao ndio waliojua nani anaumwa, nani amegombana na mkwewe, nani hajaonekana Jumapili mbili.

Wakati huohuo makanisa yalijifunza kutenga. Hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ruzuku ya serikali kwa shule iliwafikia Wakatoliki peke yao, na Waprotestanti walihesabiwa kuwa wageni wasioaminika. Kila misheni ikakimbilia kuwahi kijiji kabla ya mwenzake. Kijiji kimoja kikawa na njia mbili, ya Katoliki na ya Protestanti, na watoto wa shangazi mmoja wakakatazwa kusali pamoja.

Ndani ya kila upande kulikuwa na walioachwa mlangoni. Mwanamume mwenye wake watatu alitakiwa abaki na mmoja ndipo abatizwe. Alibatizwa, akapongezwa, akaketi mbele. Wale wawili walioachwa walirudi kwa baba zao na watoto mgongoni, na daftari la kanisa halikuwa na safu ya kuwaandika.

Tarehe 28 Novemba 1964

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na vurugu hazikukawia. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walifanya uamuzi ambao wakati ule haukuonekana mkubwa: parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo hai, majirani wachache wanaosali pamoja na kusaidiana, badala ya kumtegemea padri kwa kila jambo. Mwaka uliofuata jimbo la Uvira lilianzishwa, na Danilo Catarzi wa shirika la Waxaveri, Waitalia waliofika Kivu mwaka 1958, akawa askofu wake wa kwanza.

Mei 1964 waasi wa Simba chini ya Gaston Soumialot waliiteka Uvira, na punde Fizi yote ikawa mikononi mwao. Walikuwa na hasira ya kweli dhidi ya serikali iliyowasahau, na hasira hiyo ikamwagikia yeyote aliyeonekana kuwa na Wazungu, serikali au shule. Walimu, makarani na wazee wa vijiji waliuawa. Wamisionari waliamriwa wasitoke. Wangeweza kujaribu kuvuka ziwa, lakini wale wa Baraka na Fizi walibaki na waumini wao.

Tarehe 28 Novemba, mchana, jeep ya waasi ilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Aliyeamuru ni kamanda Abedi Masanga. Aliyetoka kwanza alikuwa Bruda Vittorio Faccin, mwenye umri wa miaka 30. Hakuwa padri. Kazi zake zilikuwa za mikono na za nyumba, zile ambazo mgeni akifika misheni hazioni. Aliambiwa apande gari. Alikataa, akapigwa risasi.

Ndani ya kanisa Padri Luigi Carrara alikuwa akiungamisha. Aliposikia mlio alitoka, akamkuta mwenzake amelala chini. Naye aliamriwa apande. Akajibu kwamba akiwa wa kufa, atakufa na ndugu yake, akapiga magoti kando ya mwili wa bruda. Wakamuua hapo hapo.

Jioni jeep ilipanda hadi Fizi. Mlango wa nyumba ya mapadri ulipobishwa, Padri Giovanni Didonè aliufungua, na risasi ikampata. Nyuma yake alikuwa Abbé Albert Joubert, mtoto wa Kapteni Joubert na Agnes Atakaye, mwenye umri wa miaka 56. Naye akauawa. Baba alikuwa amepigana kuwalinda watumwa wa ziwa hili. Mtoto, mwenye damu ya pande zote mbili, alikufa katika vita ambavyo kila mtu alitakiwa achague upande mmoja.

Padri aliyepiga magoti karibu na bruda alikuwa amejibu swali la viungo vya mwili bila mahubiri. Katika ngazi za kanisa bruda yuko chini ya padri, na jeep bado ilikuwa na nafasi. Carrara hakuona kwamba daraja lake linampa haki ya kuendelea na safari akimwacha mwenzake mavumbini.

Mwaka ule walikufa pia Wakristo Wakongo wengi, makatekista na walimu, ambao hakuna shirika la ng'ambo lililowaandika. Familia zao zinawakumbuka kwa majina. Kanisa kwa jumla haliwakumbuki hivyo.

Jumapili bila padri, 1965–1982

Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wake walivuka kutoka Kigoma kuwasaidia waasi, na Novemba wakarudi walikotoka. Mamluki wa serikali, chini ya Mike Hoare, walikuwa wameikamata Baraka. Vita vilipotulia mjini vilibaki milimani. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP, na makao yake ya Hewa Bora yakaishi miaka mingi kwa dhahabu na pembe zilizovushwa hadi Kigoma.

Kwa Wakristo wa Fizi matokeo yalikuwa mamoja: wamisionari walipungua, barabara zikafa. Katika vijiji vingi Misa ikawa jambo la nadra. Jumapili ilishikwa na katekista, na wanawake wakashika yaliyobaki, wagonjwa, wajane, yatima na mazishi. Uamuzi wa maaskofu wa 1961, uliozaliwa mezani, ukapata mwili kwa sababu ya vita. Jumuiya ndogo, ambazo waumini wa Kivu wanaziita mashirika, ziliwalazimisha majirani kuangaliana. Ukikosekana kwenye mkutano wa watu mia tano, hakuna anayejua. Ukikosekana kwenye shirika la nyumba kumi na mbili, jioni mtu anabisha hodi.

Upande wa Waprotestanti umoja uliamriwa kutoka Kinshasa. Mwaka 1970 baraza lao liligeuzwa kuwa Kanisa la Kristo katika Kongo, lililoitwa la Zaire baada ya nchi kubadilishwa jina, chini ya Jean Bokeleale, na sheria ya mwisho wa 1971 ikasema kwamba kikundi cha Kiprotestanti kisichokuwa ndani yake hakitambuliki. Kila dhehebu likapewa namba. Hata leo, Baraka au Misisi, ukimuuliza mtu anasali wapi atakujibu kwa Kifaransa cha mtaani: wa "huitième" ni wa CEPAC, wa "cinquième" ni wa CELPA.

Namba ziliokoa makanisa mengi yasifungwe, ila hazikuwafanya watu kuwa wamoja. Juu kulikuwa na paa moja, chini kila chumba kilibaki na mlango na ufunguo wake. Ugomvi wa uongozi, wa nani awe mwakilishi wa kisheria na nani ashike pesa za wafadhili, ulifuata mara kwa mara mistari ya kabila na ya ukoo. Huko Itombwe na Fizi, kati ya Wabembe na Banyamulenge, wafugaji Watutsi wa nyanda za juu, waliosali chini ya namba ileile, makanisa yalianza kugawanyika miaka mingi kabla bunduki hazijaanza kulia. Viongozi walipofika kwenye meza ya amani baadaye, wengi walikuwa tayari wana makanisa ya kabila moja nyuma yao.

Dhahabu, 1982 na kuendelea

Hadi mwanzo wa miaka ya 1980 raia wa Zaire kukutwa na dhahabu ilikuwa kosa. Mwaka 1982 Rais Mobutu, serikali ikiwa imefilisika, aliruhusu uchimbaji wa mikono. Milima iliyokuwa ya makampuni na ya magendo ikafunguka kwa kila mwenye sululu. Vijana wa Kivu walitiririka kwenda Kamituga, Lugushwa, Namoya, na katika milima ya Ngandja. Misisi ilikua kwa kasi hiyo, na vita vilivyofuata viliongeza kasi, maana shimo lilimpa chakula aliyeporwa shamba.

Mji wa machimbo una mpangilio wake. Juu yuko PDG, mwenye kugharamia shimo. Chini yake wako wachimbaji wanaolipwa baada ya madeni yote kukatwa. Chini zaidi wako wabebaji na wanawake wanaotwanga mawe, ambao mara nyingi hukatazwa hata kukaribia shimo kwa imani kwamba wanaifukuza dhahabu. Mnunuzi hupima kwa mizani ndogo ya mkono, na mawe yake ya kupimia yanaweza kuwa sarafu za zamani na vijiti vya kiberiti. Mtu aliyelala chini ya ardhi wiki nzima anamwona mwenzake akikadiria jasho lake kwa vijiti vitatu.

Makanisa yaliyoota humo, ya namba na ya uamsho, yalikabili jambo ambalo kanisa la kijijini halikulijua. Kijijini, mwamini anayehama hupewa barua ya utambulisho na mchungaji wake. Misisi, wengi walifika bila barua: aliyekimbia deni, aliyetoroka jeshini, binti aliyefukuzwa kwao akiwa na mimba, mume aliyeacha familia akasema atarudi na mtaji. Mchungaji aliyesisitiza barua alibaki na benchi tupu. Aliyepokea kila mtu bila kuuliza alijikuta na mume wa watu akiimba kwaya.

Walioweza walipita katikati. Walimpokea mgeni, wakamkabidhi kwa kikundi cha watu wachache wamjue kwa jina, wakampa muda. Kilichowapima zaidi ni mazishi. Shimo likimfukia kijana ambaye ndugu zake wako safari ya siku tatu, nani atanunua sanduku, nani atalala matangani, nani atapiga simu nyumbani? Kikundi cha akina mama kikijibu, yule kijana alikuwa kiungo. Ikiwa mchungaji atangoja kwanza aangalie kama marehemu alilipa zaka, kanisa limejibu pia.

Vishawishi navyo ni vya hapo hapo. Kuna viti vya mbele vya PDG aliyetoa mabati. Kuna sare za kitenge za sikukuu, na mama asiyeweza kununua kitenge cha mwaka huo anajificha nyumbani siku ya maadhimisho yenyewe. Kuna matangazo ya michango yanayotaja waliotoa kuanzia kiwango cha juu, hadi sauti inapofika kwa wadogo inasema tu "na wengineo". Hao "na wengineo" ndio waliotwanga mawe.

Foleni moja, 1996–2005

Vuli ya 1996 vita vya kumwondoa Mobutu vilianzia Kivu Kusini, na vikaanza kwa majirani kuuana. Banyamulenge waliuawa Baraka na Lueba. Wabembe waliuawa jeshi la waasi lilipoteremka. Vita vya pili vilipozuka, mamia ya watu waliuawa Makobola mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Wauaji na waliouawa, wengi wao walikuwa wamebatizwa, na baadhi chini ya namba moja.

Watu wa Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mkoani Kigoma mwishoni mwa 1996, na Lugufu mwaka uliofuata. Kambini kila mtu alipewa kadi ileile, kipimo kilekile cha unga na maharage, foleni ileile. Askari wa zamani, mchungaji, mwalimu na mjane walisimama juani kwa zamu. Makanisa ya udongo na maturubai yalijaa, kwaya zikashamiri, na waliokuwa wasaidizi tu nyumbani, vijana na wanawake, wakapewa kazi za uongozi kwa sababu wenye vyeo walikuwa wametawanyika.

Oktoba 2005 meli ilianza kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Furaha ya bandarini ilifuatwa na hesabu ngumu. Waliobaki waliwaona waliorudi kama watu waliokula chakula cha misaada wakati wenzao wanalala porini. Waliorudi waliwashuku waliobaki kuwa walishirikiana na wenye silaha na kuchukua mashamba. Mchungaji wa kambini na mchungaji wa porini walidai mimbari moja. Penye busara wawili hao waligawana kazi, na majina ya waliokufa pande zote yakasomwa pamoja. Kwingineko kanisa liligawanyika tena. Kuanzia 2015 wengi waliosalia Nyarugusu walipelekwa Marekani, na familia yenye ndugu huko ikapata nguvu mpya ya kusikilizwa kanisani.

Fizi, Mwaka Mpya wa 2011

Usiku wa Januari 1, 2011, wanajeshi wa serikali waliivamia Fizi kulipiza kisasi cha mwenzao aliyeuawa, wakawabaka wanawake makumi. Kilichofuata kilikuwa cha pekee. Mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka, wanawake wakatoa ushahidi, na Februari 21 Luteni Kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20 gerezani.

Mahakama ilimaliza kazi yake katika wiki chache. Ya kanisa ilikuwa ndefu zaidi. Mwanamke aliyebakwa alikabili waume waliofukuza wake zao, majirani walionong'ona, na wakati mwingine wazee wa kanisa waliomwona kuwa ametiwa unajisi. Aliyesemea jambo hili kwa sauti kubwa kuliko wote alitoka ndani ya kanisa lenyewe. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alikuwa daktari wa Lemera hadi hospitali hiyo iliposhambuliwa Oktoba 1996. Mwaka 1999 alianzisha Hospitali ya Panzi, Bukavu, chini ya CEPAC, na mwaka 2018 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 2017 alipoalikwa Windhoek kwenye mkutano mkuu wa Walutheri wa dunia, aliwataka warithi wa Luther wapige vita ubabe wa kiume ndani ya makanisa yao. Ujumbe ulitolewa Namibia siku hiyo, lakini mjane wa Fizi angeuelewa bila mkalimani.

Hesabu ya leo

Agosti 18, 2024, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wenyeheri mjini Uvira wale wanne wa Baraka na Fizi: Carrara, Didonè, Faccin na Joubert. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita. Bruda yuko katika orodha moja na mapadri, na mtoto wa Atakaye yuko pamoja na Waitalia.

Miezi michache baadaye nchi ilirudi vitani kwa ukubwa mpya. Januari 2025 maaskofu Wakatoliki na Kanisa la Kristo katika Kongo walitangaza kwa pamoja mpango wa amani, wakaenda kuongea na serikali na waasi, wakalaumiwa kwa hatua hiyo. Februari Bukavu iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na familia nyingi zikakimbilia Uvira, Fizi na Burundi. Viongozi wa makanisa mawili yaliyokuwa yakigombea vijiji zamani walisafiri pamoja kwenda kuongea na wenye bunduki. Ni hatua kubwa, na haitafika Misisi yenyewe kama haitateremka hadi benchi.

Maana Fizi imeonyesha mara nyingi kwamba umoja unaotangazwa juu hauzuii kisu kijijini. Namba za 1970 hazikuzuia 1996. Waliovuka ziwa na kurudi wakiwa bado kanisa ni wale waliokuwa na mtu wa kuwatafuta: katekista, jirani wa shirika, mama aliyejua kaya ipi haijapika. Kazi ya makanisa ya Misisi kwa hiyo inaanzia mahali padogo na panapogharimu. Jina la mtwanga mawe lisomwe na la PDG. Sikukuu ifanywe bila sharti la kitenge. Mnyamulenge na Mbembe walio chini ya namba moja watafutiane njia ya kusali pamoja kabla vita havijawalazimisha wasemezane kwa silaha. Na asiye na barua akifukiwa na shimo, azikwe kwa heshima ileile anayozikwa nayo mzee wa kanisa. Kanisa likishindwa hapo, mpango wa amani wa Kinshasa hautaliokoa. Likiweza, litakuwa na la kuuambia mpango huo.